Mchuzi wa biriani, kona ya Alief na fizikia niliyoifundisha miaka tisa

Wakuu, heshima kwenu. Ninachosimulia hapa sijakitia chumvi, chumvi yote ilibaki kwenye carpet ya gari yangu.

Nakaa Lewisville, jirani na Dallas huku Texas, naendesha lori. Kabla ya kuja huku nilifundisha fizikia Tanga miaka tisa. Hilo la ualimu lishikeni, litanisuta mbele.

Mama mkwe alikuja kutembea, akafikia kwa shemeji yangu Alief, kule Houston. Mke wangu Mwanaidi alitamani sana mama aje kwetu japo mwezi mmoja. Mama akagoma. Alishasikia mkwe wake ni dereva, na madereva anaowajua yeye wote wana haraka ya kufa.

Tukapanga kumfuata na biriani. Mwanaidi alianza kupika alfajiri. Wali kwenye hotpot, mchuzi kwenye sufuria kubwa, foil juu, kisha kanga ikafungwa. Sisi watu wa pwani humpelekei mama mkwe biriani kwenye vyombo vya plastiki, ataona umenunua.

Mke akasema sufuria ikae chini, nyuma ya siti. Nikamwambia juu ya siti panatosha, kuna friction, msuguano utaishika. Mwalimu kashasema.

Dallas mpaka Houston barabara imenyooka tu. Karibu masaa manne sufuria haikutikisika. Nikawa namwonyesha, unaona? Akageukia dirishani. Wenye ndoa mnaijua ishara hiyo.

Tukafika exit ya Alief, pa kutokea barabara kuu, ramp inayozunguka karibu duara zima. Kibao kinasema maili 25 kwa saa. Kwenye lori nisingethubutu, lakini hii gari ndogo, na nilikuwa natoka kwenye 75. Niliposhuka mpaka 50 nikaona natambaa.

Wakuu, kwenye kona ile ile, speed ikizidi mara mbili, force inayohitajika haizidi mara mbili. Inazidi mara nne. Nimewapa watoto wa watu sifuri kwa kukosa hilo.

Matairi yalishika lami. Sufuria haikuwa na cha kushika. Wala hakuna aliyeisukuma, yenyewe iliendelea na safari yake ya kunyooka, gari ndiyo iliyokata kona. Ikagonga mlango, kanga ikafunguka, mchuzi wote chini.

Mwanaidi akasema neno moja tu. "Friction."

Tukaingia na hotpot yetu. Salamu zikaisha, mama akafunua.

"Wali nimeuona. Mchuzi uko wapi, mwanangu?"

"Uko garini, mama."

"Si uulete?"

Mwanaidi akaanza kulia, na moyo uliniuma kweli, maana alisimama jikoni tangu alfajiri kwa ajili ya jibu moja la mama yake, kwamba atakuja kwetu. Ikabidi nieleze yote, mpaka hesabu.

Mama akala wali mkavu na kachumbari, taratibu, akanawa. Ndipo akauliza, ukienda nusu ya ule mwendo, hiyo nguvu inabaki nusu?

"Inabaki robo, mama."

"Basi hiyo robo nataka niione."

Kesho yake akapanda siti ya nyuma na kikombe cha chai kimejaa mpaka ukingoni. Sharti lake: tone likimwagika, namrudisha kwa shemeji.

Ramp ya kuingilia freeway nayo inazunguka vile vile. Nikaichukua kwa 20. Nyuma honi, mwenye pickup ananionyesha vidole. Mwanaidi kafumba macho. Mimi kwenye kioo naona kikombe tu.

Barabara iliponyooka, mama akanyoosha mkono, akanipa kile kikombe kikiwa kimejaa.

"Kunywa, mwalimu."

Chai imepoa, haina sukari. Niliinywa yote. Miaka sita niko huku, hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Funzo: punguza mwendo kabla ya kona, na mke akisema chini, iwe chini.

Mama yuko kwetu mwezi wa tatu sasa, na gari bado inanuka biriani. Mwenye dawa ya harufu ya carpet aishushe hapa, na aliyewahi kumwaga chakula cha wakwe aje tufarijiane.