Amplifaya ya Tano

Mpima macho alikuwa na ugonjwa mmoja usio na miwani: haridhiki. Kutwa nzima kazini humbadilishia mteja vioo mbele ya jicho, akimuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Akirudi nyumbani anajiuliza swali hilo hilo, ila sasa kuhusu amplifaya. Zilikuwa zimepita nne sebuleni kwake, zote mitumba, zote za bei ya kufa mtu zilipokuwa mpya, na kila moja aliileta akiapa kwamba hii ndiyo hii.

Wiki hiyo ikaja ya tano. Ilikuwa ya vali, zile za zamani zenye vichupa vya glasi vinavyowaka, nzito kama jiko la chuma. Akaikagua nje ndani: akanusa kama kuna harufu ya kuungua, akazungusha vitufe asikie kama vinakwaruza, akapapasa soketi za nyuma. Safi kabisa. Akaunga nyaya za spika na za deki ya kuchezea kanda, akangoja vichupa vipate moto, na mkono wake ukawa tayari uko kwenye kanda.

Kanda ni ile ile siku zote. Mkewe alikuwa mwimbaji wa kwaya, tena sauti ya kwanza, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa koo miaka tisa iliyopita. Alitoka na uhai wake na sauti ya mkwaruzo, na hakuimba tena. Kilichobaki ni kanda moja tu, iliyorekodiwa mazoezini. Mumewe alitaka jambo moja duniani: aisikie sauti ile kama alivyoisikia siku hiyo, yeye amekaa benchi la mbele. Watu walimshauri atoe nakala. Wapi! Nakala hupunguza sauti, alisema, na hapo humbishii ukashinda.

Akabonyeza. Sauti ikatoka imefifia, kama mtu anayeimba chini ya blanketi. Akairudisha nyuma. Akabadilisha waya, akasogeza spika, akairudisha tena, na tena. "Wameniuzia kopo," akasema. Akatoka nje, akarudi, akakaa, akainuka. Roho juu juu. Chai yake ikapoa mezani.

Kesho yake akabeba amplifaya na kanda hadi kwa fundi redio, yule yule aliyempelekea zile nne, mzee asiye na maneno mengi. Fundi akapima hapa na pale, akaweka muziki wake mwenyewe, na sauti tamu ikajaa duka zima hadi wapita njia wakasimama. Kisha akaweka ile kanda. Akasikiliza kidogo, akaitoa, akautazama utepe mwangani.

"Mashine haina kasoro, kijana wangu. Na zile nne ulizoniletea hazikuwa na kasoro."

"Sasa shida ni nini?"

"Utepe umelika. Kila ukipita kwenye deki unaacha sauti kidogo. Umeucheza mara ngapi?"

Mpima macho akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikuwa akiicheza mara kumi, mara ishirini kwa siku, kila amplifaya na majuma yake. Hakuna mwizi, hakuna moto. Ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, akitafuta kilicho bora. Jamani, mapenzi gani haya.

Alimkuta mkewe jikoni anamenya viazi. Akamweleza yote amesimama, maneno yakigongana mdomoni. "Nisamehe, mama watoto. Nimeimaliza sauti yako."

Mkewe akaendelea kumenya. "Nilisikia inafifia tangu mashine ya pili," akasema kwa mkwaruzo wake.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa naomba iishe upesi." Akaweka kisu chini, akamtazama. "Miaka tisa, kila nikifungua mdomo humu ndani, unaniambia nyamaza kidogo, unasikiliza."