Paa la Makala

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mama yangu aliniuliza swali lile lile. "Njia imefunguka?" Nami nilijibu, "Bado, mama." Basi akatafuta bakuli la maji kwa mikono, akanawa, na siku ikaanza. Njia aliyoiulizia ni ya kwetu, huko Kabambare, mbele ya Salamabila, ambako tulitoka mbio na mikeka kichwani watu wenye bunduki walipoanza kugombania mashimo ya dhahabu. Nyumba yake ilikuwa huko. Kaburi la baba liko huko, nyuma ya nyumba. Na macho yake yalikuwa yanakwisha.

Yalikuwa yanakwisha kweli, sisemi hivyo kutafuta huruma. Ni ule ugonjwa wa inzi weusi wa mtoni. Ulikaa ndani yake miaka na miaka bila kelele, na sasa ulikuwa unamaliza kazi yake. Muuguzi wa hapa Kasongo alimmulika kwa tochi, akanivuta pembeni, akasema dawa ya kuzuia ipo, ila ya kurudisha kilichokwenda haipo. Mama hakusikia, lakini alielewa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, nimemshika mkono, akaniambia anataka kitu kimoja tu: aione nyumba yake mara moja kabla macho hayajafunga. Hata asiingie. Aione tu, halafu yafunge yakitaka.

Sasa mimi ningefanya nini? Niambieni. Njia ile wenye magari na silaha walishindwa kuifungua, sembuse mimi ninayetembea na ndala zilizoshonwa kwa waya. Wako wenye pikipiki wachache waliopita kwa kubahatisha na mizigo ya wafanyabiashara, lakini hakuna aliyekubali kumpakia mama mzee asiyeona vizuri, maana huko ikilazimu mnashuka mnakimbilia porini, na yeye angekimbilia wapi? Nilikasirika. Nilimkasirikia muuguzi, nikawakasirikia watu wa pikipiki, mwisho nikawakasirikia hata inzi. Hasira yenyewe haikunisaidia kitu.

Na kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu. Mmoja wa hao wa pikipiki ni mtu wa kwetu. Alinikuta kwenye mashine ya kukobolea mpunga, ambako nabeba magunia, akanipa habari kwa sauti ya chini: mstari wetu wote wa nyumba ulichomwa mwanzo wa mvua. Umebaki mti wetu wa avoka tu, nao umekauka upande mmoja. Nilimwomba asipite kwetu kumsalimia mama, na yeye akaelewa, akaenda zake. Tangu hapo kila nilipojibu "bado, mama," yale mengine niliyaficha.

Zamani sikuwa mbeba magunia. Nilikuwa mchoraji. Kule Salamabila, ukiona ng'ombe amechorwa kwenye ukuta wa mchinjaji, au kichwa cha mwanamke aliyesukwa vizuri kwenye mlango wa saluni, au mizani kwenye duka la mnunuzi wa dhahabu, huo ulikuwa mkono wangu. Ng'ombe nilimchora vizuri kuliko anavyostahili mnyama anayekwenda kuchinjwa. Tulipofika Kasongo nikakuta watu wa maduka wanaagiza mabango ya plastiki yaliyochapwa mjini, yenye picha za watu wanaocheka meno yote nje. Rangi nayo ilikuwa ghali. Brashi zangu zikakauka ndani ya kopo mpaka zikawa ngumu kama vijiti vya kuchokonolea meno. Kuchora niliacha, au kwenyewe kuliniacha, sijui. Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nilimjibu nilikuwa mkulima, mazungumzo yakaisha.

Siku moja mvua ilitufungia barazani, mimi na mama, pamoja na mama mwenye nyumba anayetupangisha chumba. Mama alikuwa anapapasa ukuta na kulalamika. Ukuta umesiribwa vibaya, alisema, una nyufa, aliyeusiriba alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Mwenye nyumba akacheka, maana aliyeusiriba ni yeye. Kwetu kusiriba nyumba ni kazi ya wanawake, na mama alijulikana. Kila kiangazi alichukua udongo mwekundu wa kichuguu na mweupe wa mtoni, akapiga kuta zake mpaka wapita njia wakasimama. Alianza kumsimulia mwenye nyumba jinsi nyumba yake ilivyo. Iko, akasema. Ilivyo, si ilivyokuwa. Mimi sikuweza kuvumilia kusikiliza. Nikaokota kipande cha makala, mkaa wa jikoni, nikaichora nyumba ile ukutani, haraka haraka, na baraza yake na avoka yake, nikamwambia, mama, tazama.

Alisogeza uso mpaka pua ikagusa ukuta. Akaenda kushoto, akarudi kulia. Mwisho akasema hivi: "Mimi naona ukuta tu, mwanangu." Nikafuta kwa kiganja, naye mwenye nyumba akajifanya anatazama mvua.

Kesho yake kazini nilikaa kupumzika juu ya lundo la makapi ya mpunga, yale yanayotupwa nyuma ya mashine. Nikawa nayachezea bila kufikiri, nayabana, nayaachia. Yanakwaruza. Yana ncha ndogo ndogo. Nikakumbuka vidole vya mama vilivyoona ufa ambao mimi mwenye macho sikuuona. Nikajaza mfuko, nikaenda nao nyumbani, na njiani watu wakaniuliza kama nafuga nguruwe.

Nilipika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Nikaukoroga na majivu na udongo wa kichuguu, nikapiga ule mchanganyiko ukutani kwa mikono. Majirani wa kike wakaja kutazama mwanaume anayesiriba. Mwenye nyumba akaniuliza, mbele ya watu, kama siku hizi nimeolewa, na bwana amenilipia mbuzi wangapi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wacha wacheke. Nisiseme uongo, nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu tutoke kwetu. Makapi yakawa kuta. Changarawe zikawa njia ya kuingilia. Mlango niliukata kwenye kopo la samaki, nikaukunja usimkate vidole. Nyuzi za gunia zikawa majani ya avoka, na paa nikaliezeka kwa nyasi kavu, mafungu madogo madogo. Mikono ilikuwa inajua yenyewe pa kwenda. Nilikuwa nasahau kula, mimi ninayejulikana kwa kumaliza sufuria ya bukari.

Ilipokauka nikamleta mama, nikamwekea mkono kwenye ngazi ya baraza. Akaipanda kwa vidole viwili, kama mtu anayetembea. Akapata mlango. Akapata dirisha, akatabasamu kidogo. Akazunguka ukuta mpaka pembeni, picha ikamwishia. Akarudi, akazunguka upande wa pili, ikamwishia tena.

"Hii ni nyumba ya wageni," akasema. "Nyumba yangu iko nyuma."

Nikatazama kazi yangu, nikaona ana haki. Nilikuwa nimeichora kama mchora vibao, inavyoonekana na anayepita njiani. Kwetu mtoto wa kiume akianza kuota ndevu hakai tena jikoni. Anakula na baba zake baraza ya mbele, na huko nyuma anapita tu kuchukua jembe. Mama aliishi maisha yake yote upande ule. Baraza ile labda alikuwa anaifagia tu. Mimi niliyejisifu kwamba naijua nyumba ya mama yangu, nilikuwa najua mbele yake.

Basi nikabomoa, nikaanza upya, na safari hii yeye alikuwa ananiongoza. Mafiga yako hapa, moja limekaa chini kuliko mengine. Hapa mtungi wa maji, chini yake pana unyevu, panaota mchicha wenyewe. Hapa kinu. Hapa alipokuwa anakaa akichambua majani ya sombe, jua la asubuhi likimpiga mgongoni. Hapa kaburi la baba, karibu na avoka, ili akitoka jikoni amwone. Nilipokosea aliushika mkono wangu na kuusogeza. Mafiga niliyafanya kwa kokwa za mawese, kinu kwa kifuniko cha chupa. Nilijifunza mambo ya mama ambayo ningekufa bila kuyajua.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo akaniuliza kama mvua inakuja, mbona kumekuwa giza. Jua lilikuwa linachoma, mbuzi wamejificha kivulini. Nikamjibu ndiyo, mawingu. Mawingu hayo hayakuondoka tena. Lile alilokuwa analiomba, kuiona nyumba kwa macho, likaishia hapo, barazani kwa watu, mimi nimeshika udongo mkononi. Nilitaka kulia nikaona aibu, nikaendelea kusiriba.

Sasa akabakiwa na vidole. Kila asubuhi, baada ya swali lake la njia na jibu langu, alinawa, akaja ukutani, akaingia jikoni kwake. Alianzia kwenye mtungi, akamalizia kwenye kaburi. Halafu siku yake ikaendelea vizuri.

Taabu ikawa kuku. Mwenye nyumba anafuga kuku wenye kiburi, na ndani ya makapi kulikuwa kumebaki punje za mchele. Wakagundua. Nikirudi kazini nakuta wamedonoa nusu ya ukuta, na nyasi za paa wamezing'oa wamekwenda kutengenezea kiota. Nikilalamika, mwenye nyumba ananijibu kwamba kuku wake hawakusoma, hawajui picha. Kuta nikazikarabati kwa makapi niliyoyapepeta punje zikaisha. Paa ndilo lililonishinda. Nikiweka nyasi leo, kesho hazipo.

Hapo nikajiona mwenye akili. Kuna kitu gani ambacho kuku hali, mchwa hagusi, mvua haiozeshi? Makala. Niliokota vipande kwenye jiko letu, nikavivunja vidogo, nikavipanga safu juu ya safu, moja inalalia nyingine, mpaka paa likakaa jeusi na zito, linang'aa kidogo. Mama mwenyewe alikuwa amesema paa la jikoni lilikuwa jeusi kwa moshi. Niliinuka nikatazama kwa mbali. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, hata ng'ombe wangu wa Salamabila hawakufika hapo. Mwenye nyumba alipoiona hakutania. Na katika furaha ile, habari za yule mtu wa pikipiki zilikuwa zimenitoka kichwani kabisa. Naapa, zilikuwa zimenitoka.

Asubuhi mama akauliza, nikajibu bado. Akanawa, akaja ukutani. Mtungi, mafiga, kinu. Nilisimama nyuma yake nikingoja anisifu. Akapandisha mkono mpaka paani. Vidole vikatembea safu ya kwanza, ya pili, vikasimama. Akavisugua pamoja, akavipeleka puani.

"Iliungua lini?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za kuku. Ilikuwa kweli ni kuku, mnisikie, sikuwa natunga. Angeniuliza kwa nini nimeweka makala, ningemjibu. Aliniuliza lini. Akangoja, mkono wake mweusi umebaki hewani, na mimi nikaona hakuna mahali pa kupita.

"Mwanzo wa mvua, mama. Mstari wote."

"Na avoka?"

"Iko. Imekauka upande mmoja."

Akautafuta mti wangu wa nyuzi za gunia, akauzunguka polepole kwa kidole. "Upande gani?"

Sikuwa nimemwuliza yule mtu. Nilikuwa na haraka anyamaze, basi sikuuliza kitu. Nikamwambia mama, sijui. Akabaki pale, kidole juu ya mti, mara kinaelekea upande wa jikoni, mara upande wa kaburi la baba, hakijui kukaa wapi. Mimi ndiye niliyeutengeneza mti ule, jani kwa jani, na sikuweza kumsaidia.

Mchana sikwenda kazini. Nilikata nyasi kule bondeni, nikang'oa makala yote, nikaezeka upya kwa nyasi. Mwenye nyumba aliwafungia kuku wake bila mimi kumwomba. Mama alisikia ninavyohangaika, hakuniambia nifanye wala niache.

Kesho yake nikaamka mapema, nikakaa mlangoni kungojea swali langu. Mama akatoka, akapapasa, akapata bakuli, akanawa uso taratibu, akajipangusa kwa pindo la kikwembe alichojifunga. Nikaona anataka kukaa, hajauliza wala hajaelekea ukutani. Nikasema mwenyewe, "Njia bado, mama."

Akaniambia niende kazini, nisije nikachelewa.