Joho la Mjomba

Katika miaka ya mamluki, watu wa Moroni walijifunza kuzungumza huku wakitazama barabara. Gari la askari wa Kizungu lilipokaribia, maneno yalihamia kwenye mvua au arusi za watu. Lilipopita, hakuna aliyerudia alichokuwa akisema. Ni katika miaka hiyo niliporudi kutoka masomoni na kufanywa katibu wa kamati ndogo ya kusikiliza malalamiko ya raia juu ya mwenendo wa maofisa wa miji. Kwa nini wakubwa waliiruhusu kamati hiyo, sijui mpaka leo. Pengine walitaka kujua nani analalamika.

Mwenyekiti alikuwa kadhi mstaafu, Mngazija aliyekwisha kufanya arusi kuu, na kwa hiyo mwenye haki ya kusema mbele za watu. Mimi na shahada yangu, kwa kuwa sikuwa nimeifanya, nilikuwa bado mtoto wa mji. Kanuni tulizitunga sisi wawili. Mimi nilitia ile niliyofundishwa darasani: jina la mlalamikaji lisijulikane. Yeye akatia yake: mwanamke asihojiwe rasmi bila mjomba wake, kaka wa mama yake, kukaa kando yake.

“Mwanamke akija peke yake watasema hana watu,” alinieleza. “Na asiye na watu, neno lake halina uzito.”

Niliona ni haki. Kanuni mbili zikakaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, na hakuna kati yetu aliyezitazama kwa pamoja.

Shauri lililotufikia lilitoka Mutsamudu, katika kisiwa kingine. Mwanamke mmoja, fundi, kama tunavyowaita walimu wa Kurani, alikuja Moroni kwenye arusi ya jamaa, akaomba kuonana na mwenyekiti nyumbani kwa mkewe. Alikuwa amejifunika shiromani, shuka la wanawake wa kwao, hadi machoni. Kimbunga kilikuwa kimeezua chuo chake cha Kurani. Mabati ya msaada yalifika bandarini, lakini chuoni hayakufika. Yalionekana baadaye Patsy, juu milimani, kwenye nyumba ya mke mdogo wa ofisa wa mji aliyekabidhiwa kuyagawa.

“Watoto wanasoma mvuani,” alisema. “Lakini jina langu lisitoke, Shehe.”

“Halitatoka, binti yangu.”

“Jirani yangu alilisema jambo hili sokoni, kwa sauti. Yule ofisa ana marafiki kambini kwa askari wa Kizungu. Jirani akaitwa huko. Amerudi, alhamdulillahi. Anakula, anaswali. Hasemi.”

Tulivuka bahari kwenda Mutsamudu kumhoji rasmi. Kwa ajili ya siri tulichagua saa za asubuhi, wanawake wanapokwenda sokoni, na ghorofa ya mfanyabiashara mmoja katikati ya mji wa mawe. Mpango huo niliupenda. Katika vichochoro vile, ambako gari haliingii na watu hupishana kwa kugeuza mabega, mwanamke mwenye shiromani ni mwanamke yeyote. Nilisimama dirishani nikawatazama wakipita, na mmoja wao akapinda mlangoni mwetu bila kutazamwa na mtu. Akapanda ngazi, akaketi. Tukabaki kumngoja mjomba.

Kabla sijamwona, nilisikia kichochoro kikinyamaza.

Alikuja katikati ya njia, amenyooka, na fimbo mkononi. Alivaa kilemba, na joho jeusi lenye nakshi za dhahabu, lile ambalo mzee hulitoa sandukuni kwa Idi au arusi. Ameitwa na kadhi wa Ngazija kumsimamia mtoto wa dada yake. Angevaa nini kingine? Lakini siku hiyo haikuwa na Idi, wala arusi, na kila mtu mjini alilijua hilo.

Kwenye baraza la mawe mkabala na mlango wetu, yule ofisa mwenyewe alikuwa akinywa kahawa.

“Mjomba! Joho siku ya Jumanne? Unaoa tena?”

“Atampata nani?” muuza kahawa akadakia. “Tazama udi alivyojifukiza, hata mbuzi wanageuka!”

Watu wakacheka. Mzee akasimama. Alikuwa mtu wa heshima zake, na sidhani kama alijua kusema uongo ndani ya vazi lile.

“Ninamsimamia mpwa wangu mbele ya kadhi,” akasema.

“Mpwa yupi, Mjomba? Wapwa ni wengi.”

“Mimi dada ninaye mmoja, na mtoto alizaa mmoja.”

Kicheko kikakatika. Ofisa akaweka kikombe chini, akainuka, akamwinamia mzee na kumbusu mkono.

“Kamsimamie vizuri, basi,” akasema kwa upole. “Na fundi umpe salamu zangu.”

Ndani, tulikuwa tumesikia yote. Mwenyekiti alitazama mikono yake. “Binti yangu,” akasema, “nenda nyumbani. Hatutaandika kitu.”

Alifunua uso. Ndiyo mara ya kwanza nilipouona. “Jina limekwisha kutoka,” alisema. “Basi litoke na maneno yake.”

Akaeleza mpaka adhana ya adhuhuri, mjomba kando yake, akitokwa jasho na kujaa fahari. Nilipochungulia tena dirishani, baraza lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa palepale.

Taarifa tuliipeleka Moroni. Kamati haikuitwa tena kukutana. Mwenyekiti akahamia kijijini Vouvouni na hakutaka kuzungumzia jambo lile. Msimu wa mvua uliofuata nilikwenda Mutsamudu kwa shughuli zangu, nikapita chuoni. Kilikuwa na paa. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, kama yaliyong'olewa kwenye paa jingine, yamezibwa kwa lami, na watoto walisoma pakavu. Aliyewafundisha alikuwa mwanamume nisiyemjua.

“Fundi wa zamani yuko wapi?”

“Amesafiri.”

“Wapi?”

“Amesafiri tu.”

Mwanamke aliyeishi mlango wa pili kutoka nyumba yake alinijibu neno hilohilo, kwa sauti ileile. Mlango wa fundi ulikuwa na kufuli.

Mjomba nilimkuta siku ya Idi, nje ya msikiti. Wazee wenzake wote walikuwa katika majoho. Yeye alivaa kanzu tupu, iliyofuliwa mara nyingi. Alinitambua. Hakunilaumu. Alinishika kifundo cha mkono, akaniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

“Wewe mwanangu umesoma. Mtu akiitwa na kadhi kusimama na mtoto wa dada yake, huvaa nini?”