Mgonjwa wa Shoka

Mume wangu ni muuza nyama, na mtaa mzima unamwita Shoka. Mguu mzima wa ng'ombe anauweka kwenye gogo, anapiga mara moja, na huku anakuuliza habari za watoto. Sasa mtu huyohuyo mwambie aue nondo, uone atakavyohangaika.

Nasema nondo, wale vipepeo wa usiku wanaokimbilia taa. Bucha letu lina vigae vyeupe ukutani, na taa ya nje tunaiacha inawaka mpaka asubuhi kwa ajili ya wezi. Wezi hawajawahi kuja, wanaokuja ni nondo. Kila alfajiri, kabla hajafungua mlango, Shoka anasimama mbele ya ukuta, anawasalimia, anawapiga picha kwa simu. Mimi niko nyuma yake na ndoo ya maji ya sabuni, namsubiri bwana mkubwa amalize nioshe ukuta.

Mwaka jana akaja mmoja wa rangi ya majivu, mkubwa kama kiganja cha mtoto, ana doa la njano kila bawa. Shoka akatuma picha makumbusho ya mkoa. Pale wana orodha ya nondo wote waliowahi kuonekana mkoani, na tangu nimjue mume wangu, hamu yake ni kuingiza humo japo mmoja. Mtaalamu wa wadudu, binti mpole, akapiga simu mwenyewe. Akasema huyo hajawahi kuandikwa mkoa huu, inawezekana ndiye, lakini ana mwenzake wanafanana kama pacha na picha haiwatenganishi. Lazima mwili upasuliwe, zitazamwe sehemu za siri kwa hadubini.

"Mwanangu," Shoka akasema, "hakuna njia nyingine ya heshima?"

Haikuwepo. Akaelekezwa chupa, pamba, dawa na kifuniko. Akamtia nondo, akafunika. Nondo akapiga mabawa mara mbili tatu, Shoka akafungua kifuniko na kugeuza uso pembeni. Huyo, akaenda zake. Binti akaambiwa ameponyoka. Mwaka mzima nilimsimanga: ng'ombe huogopi, kadudu kanakushinda.

Mwaka huu akaja mwingine wa aina ileile, jike, tumbo limejaa. Safari hii Shoka hakujidanganya. Akamweka kwenye boksi, akaliweka chumba cha nyuma cha bucha, akapiga simu kuuliza kama ni lazima amuue. Binti akamweleza kwamba nondo wa aina hii hana mdomo. Akishakua hali kitu, anataga mayai na kufa baada ya siku chache. Ila akishtuka atapigapiga mabawa yachanike asifae kuhifadhiwa, na akikaa baada ya kufa ataharibika. Anayetaka kungoja akae naye pakiwa kimya, na akifa tu apige simu.

"Basi nitangoja," Shoka akasema.

Na msumeno wa mifupa unaweza kuamsha wafu. Kwa hiyo akafunga bucha, akaandika kwenye kipande cha kadibodi na kukitundika mlangoni: TUMEFUNGA. TUNA MGONJWA.

Jamani. Nyumbani tunaishi na mama yangu mzazi, mzee wa watu, na mtaa wote unajua. Kufika mchana jirani yuko mlangoni kwangu na uso wa msiba. "Pole, mama. Ameanza lini?" Nimjibu nini mimi? Nikasema tunamwachia Mungu. Wa pili akauliza kama anakula. Nikasema hali kabisa, na hapo sikusema uongo. Wa tatu ndiyo kwanza anavuta kiti, mara mama yangu katokea bafuni na taulo kichwani, anauliza nani kamaliza sabuni yake. Ikabidi yule jirani tumpepee.

"Mkwe wangu ananizika huku namsikia," mama akasema, akaenda buchani kwa miguu yake. Alimkuta Shoka amevua viatu, anafukuza inzi wasitue kwenye boksi. Mama akachungulia. Mayai yalikuwa yamepangwa kwenye kadibodi kama shanga. Akarudi bila tusi hata moja.

"Mwache mumeo," akaniambia. "Anauguza mzazi."

Wateja walikuwa wanahamia bucha la jirani na nilikuwa nimechukia, sifichi. Lakini nilipompelekea chai nilimwonea huruma. Akifa na mabawa mazima, ataingia kwenye orodha. Yakichanika, ni kungoja tena, na nondo hana miadi na mtu.

Alikufa asubuhi, kimya, mabawa mazima. Binti akaja upesi, akaweka hadubini juu ya kaunta tuliyoisugua, akatoa kikaratasi kinachochomwa kwenye pini pamoja na nondo. Akaandika mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Wakafika penye namna alivyouawa.

"Andika uzee," Shoka akasema.

Binti akacheka. Akamtazama, akaona hatanii, akaandika uzee.

Alipotoa kisu, kidogo kama ukucha, Shoka akalichukua boksi la mayai na kutoka nalo. "Hawa wasione," akasema.

Nikabaki mimi kumulika. Binti alichukua muda wake, jicho kwenye hadubini, nami sikuthubutu hata kukohoa. Mwishowe akainua kichwa.

"Ndiye," akasema. "Wa kwanza mkoani."

Nilitoka mbio, mimi niliyemsimanga mwaka mzima. Nilimkuta kasimama kivulini, boksi kifuani.

"Ndiye," nikamwambia. "Ameingia kwenye orodha, na jina lako limo."

Midomo ikamcheza, nikadhani atacheka.

"Hakuumia?" akauliza.

"Baba watoto, si alishakufa."

"Najua," akasema. "Nimeuliza tu."