Dawa ya Kutu

Baba aliendesha malori ya mizigo kutoka Mombasa hadi Mbale kwa miaka mingi, akastaafu, akabaki Mbale. Kila kitu bado anakiona kwa jicho la dereva. Mimi naishi Walukuba, Jinja. Mwaka jana alipokuja kunitembelea, harufu ya kitunguu saumu ilinifikia kabla yake.

Ilitoka kwenye chupa ya kapsuli alizonunua sokoni Busiu kwa muuzaji mwenye kipaza sauti: mlonge, rozela na kitunguu saumu vilivyosagwa pamoja. Muuzaji aliwaambia wazee kwamba mwili ukizeeka huingia kutu kama chuma, na kapsuli zile huing'oa. Wengine huenda hawakuelewa. Baba alielewa kupita kiasi.

Sikuwa na ugomvi na kapsuli. Juisi ya rozela naipenda mwenyewe, tena yenye tangawizi. Lakini siku ya pili alilalamika kichwa kinamwuma, nikamkokota hadi kliniki. Presha ilikuwa juu mno hata muuguzi akapima tena. Nikamwuliza baba vidonge vyake vya presha viko wapi. Viko Mbale, kabatini. Aliviacha tangu aanze kapsuli.

Nilikasirika, sifichi, na nilikasirika kwa sababu niliogopa. Presha ndiyo iliyomchukua mama. Baba mwenyewe alikuwa ametulia tuli.

"Injini haitiwi oili mbili, mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Ukichanganya, unaiua."

Muuguzi alimweleza taratibu kwamba kapsuli hazichukui nafasi ya vidonge, na hata akitaka kuzitumia pamoja, daktari azione kwanza. Baba aliitikia kwa adabu zote, nami nikajua hajakubali hata neno moja. Basi nikamwuliza, mimi ambaye sijawahi kushika usukani: lori lina kutu, limejaa mzigo, linashuka mlima. Anaanza na kutu au na breki?

"Breki," akasema, akiniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Vidonge ndivyo breki, baba. Na wewe umezing'oa katikati ya mteremko."

Nilitaka kusema kwa mzaha, lakini sauti ilinikatikia njiani na machozi yakanitoka mbele ya watu. Muuguzi alipomletea baba kidonge, akanyoosha mkono bila ubishi.

"Nipe maji, mama," akaniambia. "Sikujua na wewe umo ndani ya lori."