Sahani ya Dada

Shemeji yangu ni dobi, na tangu dada afariki yeye ni kupiga pasi tu. Chumba cha mbele ndiko kazini kwake: meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, kamba yenye mashati ya watu, na kila shati lina namba ya karatasi iliyobanwa kwa pini kwenye kola. Ukiingia anakusalimu, anakuuliza habari za nyumbani, kisha anarudi kwenye shati lake. Sijamwona akilia. Mimi pia sijatokwa na chozi, kwa hiyo simsemi. Mwezi wa nne huu tangu tumzike, tumekufa ganzi wote. Tunakula, tunalala, tunaamka.

Jumapili ile nilikwenda kumchukua binti yao. Ana miaka kumi na mitatu, na sketi ya shule anaibana kiunoni kwa pini za baba yake isimvuke. Mwalimu wake alishaniita mara mbili. Mtoto anakula vijiko vitatu anasema ameshiba, na sababu niliijua: baba mtu bado anapika kile chakula cha hospitali.

Chakula chenyewe kiliingia nyumbani mwaka jana. Dada alipoambiwa presha imepanda, muuguzi alimpa karatasi ya vitu vya kuacha, akamshauri watu wote wa nyumbani wale mlo mmoja ili mgonjwa asijione ametengwa. Dada hakuwa mtu wa nusunusu. Siku hiyohiyo sukari, dumu la mafuta na mfuko wa chumvi vilihamia kwa jirani, karatasi ikabandikwa ukutani juu ya jiko. Ikawa maharage ya kuchemsha, mboga za majani, samaki kwa ndimu na kitunguu saumu. Shemeji alikula shingo upande. "Mke wangu, tumekuwa sungura," alikuwa akisema, "kesho nitaota masikio." Wakacheka. Mwezi wa pili wa mlo huo dada hakucheka tena. Alisema kila kitu mdomoni ni kama pamba, akawa anaisukuma sahani. Mwezi wa tatu akaanza kula vizuri, akamwambia muuguzi kwamba ameshazoea, na sisi tukamsifu mpaka koo zikatukauka. Mwezi wa saba, asubuhi, akaanguka akiteka maji. Hakuamka tena.

Basi Jumapili ile nikatoa chumvi kwenye mkoba, nikaiweka mezani karibu na sufuria. Mimi sina subira, na hilo hata silifichi.

"Shemeji, leo natia chumvi. Aliyekuwa mgonjwa hayupo. Huyu mtoto anakwisha."

Akafunika sufuria, akaweka kiganja juu ya mfuniko. "Usitie."

"Basi naondoka naye."

"Ondoka naye. Lakini humu usitie."

Nikamjia juu. Nilimwambia anamuua mtoto kwa ukaidi, nikasema na mengine ambayo sitayarudia. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri pasi ipate moto. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayowaambia wateja nguo ziko tayari:

"Nilikuwa namtilia dada yako."

Mchana alikuwa akimpakulia mwenyewe. Chumvi aliificha chumba cha mbele, chini ya blanketi la meza, ndani ya kiberiti. Alianza na chembe chache siku dada alipolia juu ya sahani. Alipoona anakula, akashindwa kuacha.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Sasa nikiishika, mkono unakataa."

Nilitaka kumchukia, na hata hilo sikuliweza. Ndani mwangu mlikuwa mtupu.

Binti, aliyekuwa amekaa mezani akisubiri kupakuliwa, akaweka kijiko chini. "Baba, mchana ulikuwa unatia wewe?"

"Mchana."

"Usiku nilikuwa natia mimi. Ukienda kupeleka nguo za watu, mimi ndiye nampakulia. Nilikuwa naomba kidogo kwa jirani." Kisha akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Baba yake alimtazama sana. Akanyoosha mkono juu ya meza akaushika wa binti yake, na hakuna aliyelia.

"Mama mdogo," binti akasema, "na wewe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Angeuliza vilevile kama nimeshakunywa chai. Kila Jumamosi nilikuwa namletea dada karanga za chumvi, kifuko kizima, tunazila nyuma ya nyumba tukicheka kama tumeiba. Siku moja kwa wiki haidhuru, nilikuwa namwambia. Msiba mzima nililia kwa mdomo tu, nikimwogopa kila aliyetaja chakula.

"Na mimi," nikasema. "Jumamosi."

Shemeji akafunua sufuria, akapakua sahani tatu. Chumvi ilibaki palepale mezani, hakuna aliyeigusa. Tukala, na binti akamaliza chakula chake chote. Jioni nilirudi kwangu peke yangu.