Muuguzi na Kitovu cha Mtoto wa Wifi

Muuguzi hagusi kompyuta kabla hajanawa hadi viwiko, utadhani anakwenda kuzalisha. Kila ukurasa wa mtandaoni huuhoji kama mmbea: "Wewe nani? Umeyatoa wapi? Unapata nini?" Anaomba kusomea shahada, na chuo kinataka insha yenye ushahidi, hakitaki maneno ya kusikia. Kachagua kitovu cha kichanga, jambo analofundisha wazazi miaka nenda rudi. Wifi yake, mzazi wa juzi, yuko kando na mtoto, anamtazama. Leo kurasa zinamwambia kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu. Muuguzi kabinua mdomo, anabadili maneno, anatafuta tena. Mara akapiga kofi. "Huu hapa! Spiriti, kama ninavyosema siku zote!" Akausoma mpaka chini, furaha ikamwisha. "Kumbe mwenyewe anauza spiriti."

"Si uuweke tu kwenye insha, wifi? Nani atajua?" akasema mzazi, huku akichovya pamba kwenye spiriti ampake mwanawe. Muuguzi akainuka, akamnyang'anya pamba mkononi, akaitupa. "Usimpake tena," akasema, kwa ukali uleule aliomwamuru nao kupaka.